Waliowahi kufika kwenye kiwanda kile cha kahawa cha ghorofa nne Tokyo, naombeni mwongozo. Nina Jumamosi moja tu

BintiWaKalinzi ameuliza:

Mwakeye ndugu zangu, habari za asubuhi.

Mimi ni afisa ugani, kituo changu kipo Kigoma vijijini. Nimezaliwa Kalinzi na nimekulia hukohuko, kwenye kahawa. Baba yangu ana miche 640 ya Arabika, mingi ni ya aina ya zamani iitwayo N39, na karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye hiyo miche. Nayasema haya mapema ili mjue kwa nini nauliza swali ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa la matembezi tu.

Mwezi ujao nakwenda Japani kwenye mafunzo ya kilimo ya JICA, lile shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, wiki 6. Tutalala Hatagaya, Tokyo. Ratiba imejaa kweli, wikendi nyingi tuna ziara za mashambani mikoani, na siku ambayo ni yangu mwenyewe ni Jumamosi moja. Wenzangu wanapanga kwenda kununua simu na vifaa vya umeme. Mimi nataka kwenda Nakameguro, kwenye ile Roastery ya Starbucks, yaani mahali wanapokaanga kahawa na kuiuza hapohapo, iliyofunguliwa Februari 2019. Nimeona picha yake kwenye simu ya mkufunzi wetu: jengo la ghorofa nne, la mbao na vioo, na katikati mtungi wa shaba wenye urefu wa mita 17 unaopanda hadi juu. Mita 17! Nyumba ya kukobolea ya chama chetu haifiki nusu ya hapo.

Sasa nieleze shida yangu. Nimechuma kahawa tangu nikiwa darasa la pili. Najua kumenya, najua kuloweka, najua kuanika. Nafundisha wakulima kwamba kilo 6 za kahawa mbivu zikitunzwa vizuri zinatoa kama kilo 1 ya kahawa safi, na kwamba punje ikaushwe hadi ibaki na unyevu wa asilimia 11 au 12. Lakini sijawahi kuonja kahawa ya baba yangu jinsi mnunuzi anavyoionja. Kwetu tunayokunywa nyumbani ni ile iliyoelea. Mnajua wenyewe: ukizitia kahawa mbivu majini, nzito zinazama, nyepesi zinaelea. Zilizozama zinakwenda chamani, zilizoelea zinabaki kwetu. Mama huzikaanga kwenye chungu hadi zinakuwa nyeusi ti, anatwanga na tangawizi, tunakunywa na sukari nyingi. Miaka yote hiyo nimekunywa makapi ya kazi yetu, na mazuri yamepanda gari.

Kwa hiyo nataka niingie mahali ambapo kahawa inapewa heshima yake, nikae, nionje taratibu, niangalie wanavyoikaanga. Nikirudi nikisimama mbele ya wakulima wangu nikawaambia "chumeni nyekundu tupu, msichanganye na za kijani", niwe najua kwa ulimi wangu kwa nini nasema hivyo.

Naomba kujua haya. Mtu anaruhusiwa kuingia na kuangalia, au lazima ununue kwanza? Niagize nini, mimi ambaye sijawahi kunywa kahawa isiyo na sukari? Wahudumu wanazungumza na mgeni asiyejua Kijapani? Na hili ndilo kubwa zaidi: nikibeba kahawa ya baba kidogo, kama nusu kilo, itapita uwanja wa ndege? Nafikiria kuibeba mbichi, ili nikipata mtu wa kuikaanga kule aikaange kitaalamu.

Na mavazi pia. Nina kitenge kizuri cha kushona na nina suti. Nivae kipi?

KijanaWaMwanga amejibu:

Dada, hongera sana kwa safari. Mimi ni mzaliwa wa Mwanga hapa Kigoma mjini, nilisoma Yokohama miaka miwili, na pale Nakameguro nimefika mara nyingi kwa sababu treni yangu ya kwenda Shibuya, ile ya Toyoko, ilikuwa inapita hapohapo.

Nianze na lile kubwa. USIBEBE MBICHI. Kahawa mbichi Japani wanaihesabu kama mmea, inapita kwa watu wa karantini ya mimea na inatakiwa iwe na cheti cha afya ya mimea kutoka nyumbani. Usipokuwa nacho utaiacha pale uwanjani, na itakuuma. Iliyokwisha kukaangwa haina shida hiyo. Ikaange huku, ifunge vizuri, weka kwenye begi, na wakiuliza sema ni nini.

Njia: kutoka Hatagaya panda treni hadi Shinjuku, hapo badilisha uchukue treni ya Yamanote hadi Shibuya, kisha Toyoko hadi Nakameguro. Nunua kadi ya nauli, inaitwa Suica, siku ya kwanza kabisa, unaigusisha tu kwenye mlango wa kituo. Ukishuka Nakameguro fuata mto Meguro. Usitarajie mto kama Malagarasi; ni mfereji uliojengewa kuta pande zote mbili, maji yako chini sana. Lakini kando yake kuna miti ya sakura mstari mzima, na ukiwa huko mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili utaikuta imechanua, na watu ni wengi kama siku ya mnada. Utatembea kama dakika kumi hadi kumi na tano, jengo litakuwa mbele yako. Limechorwa na Kengo Kuma, msanifu majengo wao mashuhuri, mtu anayependa sana mbao. Angalia dari ukiingia: limekunjwakunjwa kama karatasi za origami.

Kuingia ni bure. Jumamosi wakijaa wanatoa tiketi yenye namba, unakwenda kutembea kando ya mto hadi namba yako ifike. Kwa hiyo wahi asubuhi.

Jambo linalowachanganya wengi wetu: Wajapani wanahesabu ghorofa kuanzia chini. Ya kwao ya 1 ndiyo ya chini kabisa. Hapo ndipo utakapotumia muda wako mwingi, maana mitambo ya kukaangia ipo hapo na unaiona kwa macho, haijafichwa nyuma ya ukuta. Punje zikitoka kwenye moto zinapoozwa, halafu zinapelekwa kwenye ule mtungi wa shaba kupumzika. Usidhani mtungi ni pambo tu! Kahawa iliyotoka kukaangwa inatoa hewa ya kaboni, ukiipika saa hiyohiyo inatoa povu na ladha haitulii. Ikishapumzika inapita kwenye mabomba yaliyopita juu ya vichwa vya watu hadi kaunta. Ukisikia mchakacho juu yako kama mvua inaanza kwenye bati, ni kahawa inasafiri. Mimi sauti ile niliipenda kuliko kitu kingine chochote mle ndani.

Hapohapo chini kuna mikate na keki za Princi, Waitaliano. Ya 2 ni ya chai. Ya 3 ni ya vinywaji vyenye pombe, pita tu kama si mtumiaji. Ya 4 ni ya kukaa, na kuna baraza la nje unaloangalia mto kutoka juu.

Cha kuagiza: omba kahawa moja ya kuchujwa kwa mkono, isiyo na maziwa. Halafu kama mfuko unaruhusu, omba nyingine ipikwe kwa saifoni, kwa ajili ya macho. Ni vyupa viwili vya kioo, kimoja juu ya kingine. Maji yakichemka chini, mvuke unayasukuma yanapanda juu yakutane na kahawa. Moto ukiondolewa, chupa ya chini inapoa, inavuta, na kahawa inashuka yenyewe kupitia kichujio. Hakuna anayeigusa. Kikombe kimoja jiandae kwa zaidi ya yen 1,000, yaani zaidi ya shilingi 15,000 ya kwetu. Bakshishi usiache, Japani hawapokei.

Wahudumu ni wapole na wanapenda sana kuulizwa. Pakua programu ya kutafsiri kwenye simu. Vaa kitenge, dada. Suti Tokyo ni ya kila mtu.

Lingine nikwambie mapema ili usishtuke. Ukiingia duka la kawaida la vyakula utakuta pakiti za kahawa yetu zimeandikwa "Kilimanjaro". Arabika ya Tanzania Japani inauzwa kwa jina hilo, iwe imetoka Moshi, Mbinga, Mbozi au huko kwenu. Ya Bukoba tu ndiyo haiingii humo. Kwa hiyo Wajapani wanaipenda sana kahawa ya Tanzania na wanalijua jina la mlima, lakini ukimwambia Kigoma atakuuliza ni wapi.

BarazaLaUjiji amejibu:

Binti yangu, nimesoma swali lako mara mbili. Nina miaka 71, na kahawa nimeanza kuinywa barazani Ujiji nikiwa bado nashikwa mkono na babu yangu.

Kahawa yetu unaijua. Dele la shaba, jiko la mkaa chini yake, vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata ya karanga pembeni. Muuzaji anapita alfajiri baada ya swala akigonganisha vikombe, na jioni anakaa sehemu yake. Shilingi mia mbili. Mimi hapo nimepatana na watu, nimeoza mabinti, nimesikia habari za msiba kabla ya kufika nyumbani. Sijui kama jumba la ghorofa nne linaweza kufanya kazi hiyo, na silidharau, nasema sijui.

Lakini umesema neno lililonigusa, la kunywa zilizoelea. Sisi huku Ujiji hatujawahi hata kuuliza kahawa yetu inatoka shamba gani. Tunajua ni chungu, ina moto, basi. Na nyinyi Kalinzi mpo hapo juu, mwendo wa saa moja kwa gari! Mtu amekunywa kahawa miaka sitini na zaidi, na mkulima wa kahawa ni jirani yake, na hawajawahi kukutana kwenye kikombe kimoja.

Nakutuma jambo moja. Waulize hao mafundi, maji yao yana moto kiasi gani? Sisi kahawa inakaa motoni tangu asubuhi mpaka iishe, na nimeambiwa na mjukuu wangu kwamba tunaiua. Nataka jibu la fundi, si la mjukuu.

Safari njema. Uende na urudi salama.

MuonjajiManyovu amejibu:

Shikamoo mzee wangu wa Ujiji. Dada wa Kalinzi, salamu kutoka upande wa pili wa mlima.

Nipo kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Manyovu, nimewahi kufundishwa kuonja. Mzee, mjukuu wako hajakosea sana. Maji mazuri kwa kahawa ya kuchuja ni ya nyuzi 90 hadi 96, yaani yamechemka halafu yametulia kidogo, na yanakutana na kahawa dakika tatu au nne tu. Ikiendelea kukaa motoni inaendelea kutoa uchungu, na ile harufu nzuri inapaa na mvuke. Ila kahawa ya dele ni kahawa nyingine na ina watu wake. Imekusudiwa iwe kali na ya moto kwenye kikombe kidogo. Siwezi kuihukumu kwa kipimo cha hii nyingine.

Dada, la kuikaanga huku. Usimpe mama aikaange kwenye chungu safari hii, nakuomba kwa heshima yake. Kahawa ikikaangwa mpaka iwe nyeusi na kutoa mafuta, ladha unayoipata ni ya moto. Ya Kalinzi, ya Mbeya, ya Brazili, zote zinafanana. Ukiikaanga polepole utasikia mlio, inapasuka kama bisi, kwenye nyuzi kama 200. Huo ni mlio wa kwanza. Ukiitoa muda mfupi baada ya hapo, punje ikiwa rangi ya hudhurungi, hapo ndipo shamba linasema. Tia maanani pia kwamba inapungua uzito, kilo moja inabaki kama gramu 850. Lete nusu kilo ya zilizozama, tutaikaanga kwenye kikaango kidogo cha ofisi, nitakaa nayo mwenyewe.

Kuhusu jina la Kilimanjaro, linaniuma na mimi, na nitasema ukweli wote. Jina hilo limetufungulia soko, huwezi kulitukana. Lakini kahawa yetu imewahi kuuzwa kwa jina la karibu na nyumbani. Miaka ya 2000, kwa msaada wa taasisi ya Jane Goodall, kahawa ya ushirika wa Kanyovu ilinunuliwa na Green Mountain ya Marekani na kuuzwa kule kwa jina la Gombe, ile hifadhi ya sokwe. Watu walinunua wakijua kuna sokwe, kuna msitu, na kuna wakulima jirani na ule msitu. Niliona wazee wakichuma kwa uangalifu zaidi msimu ule kwa sababu tu waliambiwa pakiti imeandikwa Gombe. Mtu akijua jina linafika, mkono wake unabadilika.

Ukifika huko, soma vibao vyao. Nataka kujua wanaandika nini kuhusu kahawa ya mtu.

BintiWaKalinzi amejibu:

Ndugu zangu, nimerudi. Nina wiki ya pili sasa nyumbani. Shikamoo mzee wa Ujiji, nimekuletea jibu lako, na fundi alisema vilevile alivyosema kaka wa Manyovu: maji yachemke, yatulie, ndipo yamiminwe. Mjukuu umpe pole.

Nilikwenda. Nilivaa kitenge. Nilifika mapema kabla ya kujaa, nikaingia bila tiketi.

Kaka wa Mwanga ulinielezea vizuri, lakini harufu hukuniambia. Mlango ulipofunguka nilisimama. Haikuwa harufu ya kahawa ninayoijua mimi. Ya kwetu jikoni ni ya moshi. Hii ilikuwa kama mkate na kama tunda, na nyuma yake kulikuwa na kitu nilichokijua ila sikuweza kukitaja. Nilikaa karibu na mtambo wa kukaangia karibu saa nzima. Kuna fundi mmoja, mwanamke wa makamo, kila baada ya muda anachomoa punje chache kwa kijiko, anaziangalia, ananusa, anazirudisha. Uso wake ulikuwa kama wa baba anapopima kahawa kwa meno pale kwenye kichanja. Mnaijua ile, anaing'ata kuona kama imekauka. Nilimwangalia yule mama nikamkumbuka baba, kazi ileile, mmoja mwanzo wa safari na mwingine mwisho wake, na hawatakutana.

Siku ile hawakuwa na kahawa ya Tanzania. Ilikuwepo ya Rwanda, nikasema hii ni ya majirani, nipeni hii. Alinihudumia kijana mmoja, tukazungumza kwa simu, anasema yeye, inasema simu, nasema mimi. Alipima kahawa kwa mizani. Alipima na maji kwa mizani! Akamimina kidogo kwanza, akaacha ile kahawa ivimbe, akaendelea taratibu kwa kuzungusha.

Sukari sikutia. Funda la kwanza niliona ni chachu na nikasikitika, nikajua nimepoteza yen zangu. Nikasubiri kipoe kidogo. Funda la pili, la tatu. Halafu nikakitambua kile kitu cha nyuma ya harufu. Ni ule utamu wa tunda bivu la kahawa! Watoto wote wa Kalinzi wamenyonya ganda la kahawa nyekundu wakati wa kuchuma, ule utamu mwepesi wa mara moja, kabla hujatema mbegu. Upo ndani ya kikombe. Miaka yote nilidhani utamu ule tunautupa na maganda, kumbe ukichuma nyekundu tupu, ukaosha vizuri, ukakausha bila haraka, punje inabaki nao. Nilitokwa machozi pale kaunta na yule kijana akaniletea maji.

Kaka wa Manyovu uliuliza wanaandika nini. Kadi ya ile ya Rwanda ilikuwa na nchi, eneo inakotoka, namna ilivyooshwa, na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Niliisoma yote hadi mwisho.

Ndipo nikatoa mfuko wetu. Nilimweleza kwamba ni ya baba yangu, nimekaangiwa nyumbani. Alisema kwa adabu sana kwamba kahawa ya mgeni hawezi kuipika kwenye vyombo vya kazi, nikamwelewa. Lakini aliufungua kwa mikono miwili, akanusa, akafumba macho, akanusa tena, akamwita yule mama wa mtambo naye akanusa. Wakaanza kuniuliza. Aina gani? Nikajibu. Inalowekwa saa ngapi? Nikajibu. Inakaa juani siku ngapi, inageuzwa mara ngapi? Nikajibu yote, nilijisikia niko darasani kwangu. Kisha yule mama akauliza, shamba liko mita ngapi?

Sikujua.

Najua miche ni 640. Najua kilo za kila msimu tangu nilipojua kuandika, maana mimi ndiye niliyekuwa nashika daftari. Mwinuko wa shamba letu sikuwahi kuupima, wala hakuna aliyewahi kuniuliza, si chuoni, si kazini, si chamani. Nilisema "juu", nikainua mkono. Walitabasamu vizuri, hawakunidharau hata kidogo. Waliomba jina la kijiji, nikawaandikia. Wao hawana "li" wala "zi", wakalisoma Karinji.

Kabla ya kuondoka Japani nilipita duka la vyakula karibu na tulipokaa, nikanunua pakiti ya "Kilimanjaro" kwa ajili ya baba. Mwenzetu mmoja Mjapani alinisomea. Tanzania ilikuwepo kwa maandishi madogo.

Nilipompa baba aliigeuza mbele na nyuma. Kijapani hasomi, lakini picha ya mlima aliiona. Akaniuliza, "Sisi tuko wapi hapa?" Nikamwambia, baba, mmo ndani, hamjaandikwa. Akaiweka mezani akanyamaza muda mrefu. Mama akasema basi ipikwe. Nikaipika kama nilivyoonyeshwa, na ile ya kwetu nikaipika pembeni. Baba alionja ya pakiti, akaonja ya kwake, akarudia ya kwake. Ana miaka 68. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuonja zilizozama.

Kesho yake alfajiri tulikwenda shambani na simu yangu. Niliweka programu ya kupima mwinuko, tukasimama sehemu mbalimbali tukasubiri isome, tukachukua vipimo mara tatu kila mahali kwa sababu simu zinayumba. Chini karibu na migomba, 1,580. Juu kwenye miti ya kivuli, karibu na mpaka wa jirani, 1,640. Baba akaniuliza kama namba hiyo itaongeza bei. Sikutaka kumdanganya, nikamwambia msimu huu haitaongeza kitu. Akachukua kipande cha mkaa, akaenda kwenye mlango wa stoo anakoandikaga kilo za kila mwaka, akaandika 1,640 juu kabisa, akauliza kama nina uhakika ni 40 na si 46.

MuonjajiManyovu amejibu:

Dada, ile ya juu, ya 1,640, msimu huu msiichanganye na ya chini. Ichumwe peke yake, imenywe peke yake, ianikwe kwenye kichanja chake, hata kama ni kilo 50 tu. Niko ofisini Jumatano hadi saa tisa. Njoo na baba kama anaweza kupanda gari, nitampikia zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi.

BarazaLaUjiji amejibu:

Jumatano na mimi nakuja. Nauli ninayo, na kashata nitaleta.